Mbwa wa jirani amemng'ata mwanangu, baba yake anasema tusubiri siku kumi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi kijijini, nje kidogo ya Ifakara. Naomba unisaidie kabla sijagombana na kila mtu ninayeishi naye.

Jumamosi jioni mwanangu wa kiume, ana miaka minane, alitumwa dukani kununua sabuni. Alipofika kwenye kona ya jirani yetu, mbwa wao akamrukia na kumng'ata shavu la mguu. Mtoto hakumchokoza, hata wenzake wamesema hivyo. Yalibaki matundu mawili ya meno, damu ilitoka ila siyo nyingi. Mimi nilikuwa sokoni, nyumbani alikuwepo mama mkwe. Akamfuta na kitambaa, akampaka pilipili iliyotwangwa pamoja na kitunguu saumu, akamfunga na kipande cha kanga. Niliporudi mtoto alikuwa amelala, mguu umevimba.

Jumapili nilimpeleka zahanati. Nesi alimsafisha, akamchoma sindano ya pepopunda, akasema chanjo ya kichaa cha mbwa pale hawana, niende hospitali kubwa mjini. Mdogo wangu anaishi mjini, akaenda kuniulizia. Akaambiwa sindano moja ni shilingi 30,000 na mtoto atatakiwa kurudi mara kadhaa. Shangazi, mpunga bado uko shambani. Hiyo hela sina.

Mume wangu ni utingo wa lori, yuko safarini. Kwenye simu anasema mbwa akiishi siku kumi ndiyo ujue hana kichaa, kwa hiyo tumwangalie mbwa kwanza, tusitupe hela. Jirani naye anasema mbwa wake alichanjwa, kadi ndiyo imepotea. Ni mtu wetu wa karibu, tuko kikoba kimoja, na mwaka jana nilipouguliwa ndiye aliyenikopesha nauli. Ameniomba sana nisiende kwa mtendaji, maana mbwa atauawa na yeye atatozwa faini.

Leo ni Jumanne na mbwa haonekani. Watoto wa pale wanasema tangu Jumapili alikuwa hataki chakula. Jirani anasema amezurura tu, atarudi.

Mama mkwe anasema enzi zao ilikuwa sindano 14 za tumboni, na mtoto atateswa bure kwa kidonda kinachokauka. Na kweli kinakauka, mtoto anacheza mpira. Je, nina woga wa kupita kiasi? Nikienda kwa mtendaji nitakuwa nimemsaliti jirani? Halafu kuna binti yangu wa miaka mitatu, yeye hucheza na vitoto vya huyo mbwa na vinamlamba mikono. Naye nimfanyeje?

Mama Wawili, Kilombero

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba ujumbe huu haukusubiri zamu yake. Nilimpigia mama huyu Jumanne ileile, nikamwambia aache mpunga, aache kikoba, akope nauli popote, kesho yake alfajiri awe njiani. Jumatano asubuhi mtoto alichomwa sindano ya kwanza. Nachapisha maneno yake kwa ruhusa yake, kwa sababu kila nyumba yenye mbwa jirani inaweza kujikuta hapo alipokuwa, na wengi huko hukaa wakisubiri.

Nianze na siku kumi, maana ndizo zilizokaribia kumponza mtoto. Mumeo hakuitunga habari hiyo, ipo kweli, ila imegeuzwa kichwa chini. Kirusi cha kichaa huingia kwenye mate ya mbwa kikiwa kimeshafika kwenye ubongo wake, na mbwa aliyefikia hatua hiyo hufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana mbwa aliyeng'ata akiwa bado hai na mzima siku ya kumi, tunajua mate yake hayakuwa na kirusi siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Umeona hapo? Siku kumi zinatuambia lini tuache sindano. Hazijawahi kutuambia lini tuanze. Sindano inaanza leo, mbwa anaangaliwa huku mtoto akiendelea na tarehe zake. Na kwenu hata wa kumwangalia hayupo! Mbwa aliyemng'ata mtoto bila kuchokozwa, akakataa chakula, kisha akatoweka, huyo tunamhesabu kuwa na kichaa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kidonda kukauka kusikutulize hata kidogo. Kirusi hiki hakikai kwenye kidonda. Kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Wapo waliougua baada ya wiki moja tu, na wapo waliokaa karibu mwaka. Katika muda wote huo mtoto anakula, anacheza, anakwenda shule, na kovu limeshafunga. Huo ndio muda ambao chanjo inafanya kazi, kwa kuuwezesha mwili kujijengea kinga kabla kirusi hakijafika juu. Aliyeng'atwa kichwani, shingoni au mikononi ana muda mfupi zaidi, na watoto ndio hung'atwa huko kwa sababu ya kimo chao.

Kirusi kikishafika kwenye ubongo, hakuna hospitali itakayokusaidia, iwe Ifakara, Muhimbili au India. Huanza na homa, na mahali palipong'atwa panawasha au panachoma ingawa kovu limepona. Kisha mgonjwa anashindwa maji. Ana kiu kweli, anaomba kikombe mwenyewe, kikikaribia mdomo koo linajikaza na mwili mzima unashtuka. Akili inakuja na kupotea, kwa hiyo kuna nyakati anakutambua na kukuita. Kwa hesabu zinazokubalika, watu kama 59,000 hufa hivyo duniani kila mwaka, wengi sana Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Kati ya kila kumi, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Sikuandiki haya nikutishe, wewe umeshakwenda. Nayaandika kwa ajili ya baba mmoja aliyeko kwenye lori, na wengine wanaofikiri kama yeye.

Sasa mama mkwe. Usimlaumu, na usimwonyeshe barua hii kwa hasira. Alikuwa peke yake, mtoto analia, akafanya alilofundishwa. Lakini pilipili, kitunguu saumu, majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe, hakuna hata kimoja kinachoua kirusi hiki, na vingine vinaichubua nyama na kuipa njia pana zaidi. Kinachokiua ni kitu mtoto alichokuwa ametumwa kununua. Kirusi cha kichaa kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha. Kwa hiyo mtoto aking'atwa, mkalishe kwenye kigoda nje, mtu mmoja amimine maji kwa jagi au afungue bomba, mwingine asugue kwa povu la sabuni yoyote, hata ya kufulia, na povu liingie ndani ya matundu. Dakika 15 kamili kwa saa ya simu. Ni ndefu kuliko unavyodhani, mtoto atalia na wewe utataka kuacha kwenye dakika ya tatu. Usiache. Ukimaliza paka ayodini kama ipo. Usifunge kwa nguvu, na mtu asikimbilie kukishona kidonda kabla daktari hajakiona. Kama umechelewa kwa saa nyingi au hata siku nzima, osha tu. Halafu nenda hospitali, maana kuosha peke yake hakutoshi.

Kuhusu sindano 14 za tumboni, mama mkwe hakudanganya. Chanjo ya zamani ilitengenezwa kutokana na ubongo na mishipa ya fahamu ya wanyama, na watu walichomwa tumboni siku baada ya siku. Wapo wazee mpaka leo wanaosimulia. Chanjo ya sasa hutengenezwa kwa njia nyingine na inachomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Mtu akitaka kuichoma kwenye tako, mzuie kwa heshima, huko haifanyi kazi ipasavyo. Ikichomwa ndani ya ngozi, Shirika la Afya Duniani limeelekeza tangu 2018 kwamba zinatosha safari tatu: siku ya kwanza, siku ya tatu baada ya hapo, na siku ya saba, kila safari vichomo viwili vidogo. Ikichomwa kwenye msuli, ratiba inakwenda mpaka wiki ya pili au ya tatu na zaidi kidogo, kulingana na utaratibu wa hospitali. Mjamzito anachanjwa, anayenyonyesha anachanjwa, mtoto mchanga anachanjwa. Kwenye ugonjwa huu hakuna anayeambiwa asubiri akue au ajifungue.

Kwa kuwa meno yalipasua ngozi na damu ikatoka, uliza pia kuhusu imunoglobulini. Hiyo ni kinga iliyo tayari, inachomwa kuzunguka kidonda chenyewe ili imlinde mtoto wakati mwili wake unajifunza kujilinda. Haipatikani kila hospitali. Ikiwepo, inafaa kutolewa ndani ya siku saba tangu sindano ya kwanza, kwa hiyo bado hujachelewa. Isipokuwepo, chanjo iendelee bila kusita.

Mwanao alianza Jumatano. Kama kadi yake inaonyesha ratiba ya siku tatu na siku saba, anarudi Jumamosi hii na Jumatano ijayo. Jumamosi kliniki nyingi hufungwa, basi kabla hujapanda bodaboda uliza kama sindano itatolewa kwenye kitengo cha dharura, na uliza dawa ipo. Mama mwenye nauli ya kuungaunga hapaswi kufika mjini aambiwe dozi imeisha. Na ikitokea mvua au gari likakukwamisha, usikate tamaa ukadhani umeharibu kila kitu. Nenda siku inayofuata, wanaendelea pale walipoishia, hawaanzi upya.

Hela. Najua sindano moja ya 30,000, mpunga ukiwa shambani, ni mlima. Ukifika hospitali, kabla ya dirisha la malipo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yao mojawapo ni kuwasikiliza wasio na uwezo na kuamua nani apunguziwe au asamehewe. Nenda na barua ya mwenyekiti wa kijiji ukiweza, inarahisisha. Waulize pia kama chanjo inachomwa ndani ya ngozi, kwa sababu kwa njia hiyo chupa moja inagawanywa kwa wagonjwa kadhaa na gharama inashuka. Halafu kuna kikoba chenu. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na huu ni ugonjwa. Simama kwenye kikao useme shida yako wazi. Jirani naye achangie, nitakuja kwake sasa hivi.

Lakini kwanza binti yako. Mbwa akimlamba mtu kwenye ngozi isiyo na mchubuko wowote, hakuna kirusi kilichoingia, anaoshwa tu kwa maji na sabuni. Ugumu ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hakosi mchubuko. Mkalishe mwangani, mkague kidole kwa kidole, katikati ya vidole, viwiko, magoti, na karibu na midomo. Ukiona upele uliokunwa, mkwaruzo, au alama ya jino dogo, au ukijua kitoto cha mbwa kilimlamba mdomoni au machoni, safari ya Jumamosi nenda naye na umweleze daktari. Hata ukiwa huna uhakika, nenda naye tu, akaguliwe. Na kuanzia leo haendi tena kucheza kule. Vitoto vya mbwa hupata kichaa kama mama yao, na kwa kuwa ni vizuri na vidogo hakuna anayeviogopa.

Nimefika kwa jirani. Mwanangu, hakukopesha nauli ili siku moja unyamaze mtoto akiwa hatarini, na sidhani kama yeye mwenyewe angependa liwe hivyo. Anaogopa. Mtu akiogopa faini husema kadi imepotea na mbwa amezurura. Hata kama kweli alichanjwa, chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka, na bila kadi hakuna anayejua ilikuwa lini. Tena huyo mbwa popote alipo sasa anaweza kuwa anang'ata mbuzi wa watu, mbwa wengine, au mtoto mwingine aliyetumwa dukani. Mama wa mtoto huyo hatajua kwamba mbwa ana kichaa, kwa sababu wewe na jirani mlikubaliana kunyamaza.

Usiende kumshtaki. Nenda kwake jioni, kaeni, mwambie: "Mtoto ameanza sindano, namshukuru Mungu. Sasa twende wote kwa afisa mifugo wa kata, wewe ukiongea mwenyewe ni bora kuliko kutajwa na watu." Akikataa, nenda peke yako kesho yake na umwambie kwamba unakwenda. Sitakuahidi kwamba hatatozwa chochote, hilo liko kwa wenye mamlaka. Ila anayejitokeza mwenyewe na kuchangia sindano za mtoto anasikilizwa tofauti na anayeficha mbwa.

Mbwa akipatikana amekufa, asizikwe kabla afisa mifugo hajafika, na asishikwe kwa mikono mitupu. Kichwa chake ndicho kitakachopimwa maabara, kwa maana kirusi kiko kwenye ubongo. Watoto wasiruhusiwe kusogea.

Hofu kwamba mbwa wote wa kijiji watauawa naielewa, imewafanya watu wengi wafiche. Kuua mbwa ovyo hakujawahi kuumaliza ugonjwa huu, waliouawa hufuatwa na wengine wasiochanjwa. Kinachoumaliza ni kuchanja mbwa wengi kwa pamoja, angalau 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka. Tunao ushahidi hapa hapa nchini. Pemba walichanja mbwa kisiwa kizima na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Kampeni zikalegea, na mwaka 2016 kikarudi. Wakaongeza nguvu kwenye chanjo, na 2018 wakakiondoa tena. Kisiwa kilekile kimetuonyesha yote mawili, kinachotokea mkichanja na kinachotokea mkizembea. Serengeti nako, vijiji vilivyozunguka hifadhi vimechanjiwa mbwa kwa miaka mingi, kuwalinda watu na pia wanyama wa porini.

Mbwa wetu wengi wanaozurura wana wenyewe. Wana majina, wana mtoto anayewapa ukoko. Mbwa akiitwa na mtoto huyo anakuja mpaka kwenye kamba, na kazi ya mchanjaji inakuwa ya dakika moja. Kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa kijiji, wewe na huyo jirani muulizeni mwenyekiti na afisa mifugo: chanjo ya mbwa inakuja lini kwetu? Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na sehemu nyingi huchanja bure karibu na tarehe hiyo, lakini swali liulizwe hata kama ni Februari. Litakapojibiwa, watoto wa shule ndio wapewe kazi ya kuwaleta mbwa.

Mumeo nimemwachia mwisho. Mwambie shangazi hamlaumu, alisikia nusu ya habari. Atume nauli ya Jumamosi kwa simu leo, siyo Ijumaa usiku. Na hiyo hesabu yake ya siku kumi aihesabu kwa faida: mbwa akirudi mzima, afungiwe mahali salama, apewe maji na chakula na mwenye mbwa peke yake, afisa mifugo amwangalie. Akifika siku ya kumi tangu alipong'ata akiwa mzima, daktari atasema kama sindano zisimame. Mpaka daktari aseme, mtoto anakwenda Jumamosi, na anakwenda Jumatano.

Ukikwama njiani, nambari yangu unayo. Huduma ya simu ya Wizara ya Afya nayo ni 199, bila malipo, kwa yeyote anayesoma hapa na hajui aanzie wapi.

Shangazi